Nguo za harusi Ngara na Biharamulo: faida inapita mlangoni

Msimu wa kuuza pamba na kahawa ndio msimu wa harusi katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Fedha za mazao zikishaingia mkononi hugeuka mahari, vinywaji na nguo. Katika fungu la nguo ndipo wilaya hizo hupoteza. Mshanana wa bibi harusi, vitenge vya mashangazi na suti ya bwana harusi hutoka viwanda vya mbali, vingi vikiwa nje ya nchi. Mwenye duka hubakiwa na faida yake ndogo; fedha nyingine husafiri.

Hali hii inashangaza kwa kuwa Biharamulo inalima pamba. Ikishachambuliwa, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi. Mkulima huuza kwa kilo, kisha hununua kwa mita.

Historia inaonya. Katika karne ya 19 Wafipa walifuma kwa mikono nguo nzito za pamba. Merikani ya viwandani ilipoingia kwa wingi, ufundi huo ukafifia. Upande wa Ziwa Victoria, nguo ya magome nayo ilizipisha shuka za dukani. Lakini Uganda haikuitupa: bado huvaliwa katika shughuli za heshima, na mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni. Funzo ni kwamba nguo ya mkono haishindi kwa bei, hushinda kwa maana yake.

Kwa hiyo mfumaji wa Ngara asishindane na kitenge wala mitumba; atafilisika mapema. Aanze na kipande kimoja: shuka ya bega ambayo mama au shangazi humvika binti siku ya kuagwa. Hapo familia haitafuti rahisi, inatafuta kitu ambacho mjukuu ataonyeshwa.

Hesabu, kwa mfano, ni hii. Shuka ya mita 2 ikichukua siku 4, yaani siku 1 ya kutandika mtande, 2 za kufuma na 1 ya pindo na matamvua, na kibarua wa shamba akilipwa sh. 5,000 kwa siku, jasho peke yake ni sh. 20,000. Bado uzi, rangi na uchakavu wa kitanda cha mfumi. Anayeuza kwa sh. 15,000 ili asimkose mteja amejipunja kuliko kibarua.

Kikwazo kikubwa ni uzi, maana kusokota kwa mkono hula siku nyingi kuliko kufuma. Njia ya kati ipo: mtande, unaohitaji kuwa imara, uwe uzi wa kiwandani, mshindio uwe pamba ya Biharamulo iliyosokotwa nyumbani. Hapo baba wa binti atasema kweli kwamba pamba ya shamba lake imo. Wanawake wanaosuka vikapu na mikeka tayari wana vidole na hesabu ya mapambo.

Masharti ni mawili. Arubuni ya nusu bei itolewe miezi 2 kabla ya harusi, na rangi ijaribiwe kwa maji na sabuni kabla ya kufuma. Rangi ikichujia gauni jeupe mbele ya wakwe, habari itafika Rusumo kabla ya jua kuzama, na soko litakuwa limefungwa.