Mkono Hauumbi Titi

Miongoni mwa itikadi zilizokita mizizi majumbani mwetu, na ambazo ni nadra kuhojiwa kwa insafu, imo ile isemayo kwamba titi la mwanadamu ni kitu cha kutengenezwa kwa mkono: likivimba likamuliwe, likichelewa lichochewe, likitangulia upande mmoja lichuliwe, na lisipofanana na mwenziwe lifichwe au likatwe. Nasema bila ya kumung'unya maneno kwamba itikadi hii ni batili, na kwamba baadhi ya kasoro za matiti ambazo watu huzihesabu kuwa ni maumbile au husuda ni kazi ya mikono ile ile iliyodai kuziponya.

Tumtazame kwanza mtoto mchanga. Katika siku zake za mwanzo duniani, awe wa kike au wa kiume, chuchu zake huweza kututumka, chini yake pakawa na donge dogo, na pengine likatona tone la maziwa. Sababu yake haina fumbo: homoni za mama zilizompitia tumboni bado zinafanya kazi mwilini mwake, na nguvu za homoni hizo zikishapungua uvimbe hunywea wenyewe, aghalabu katika muda wa majuma machache. Lakini bibi aliyekuja kumwosha mtoto hana subira ya majuma, hutia mafuta ya nazi kidoleni, akaishika chuchu baina ya kidole gumba na cha shahada, akaiminya mpaka tone litoke, kisha akamwambia mzazi, “Waona, mwanangu? Haya yangeachwa yangeoza ndani.” Kesho yake huminya tena, na tone hutoka tena, na kila tone huwa kwake ithibati mpya ya hekima yake, ilhali kukamua kwenyewe ndiko kunakolichochea titi liendelee kutoa. Ushahidi anaouleta bibi, ameuzaa yeye mwenyewe.

Laiti madhara yangekuwa ni kupoteza wakati tu, tungenyamaza. Ngozi ya kichanga ni laini, na vijidudu vikipenya pale palipominywa titi huwa jekundu, likapata moto, likageuka jipu ambalo pengine halina budi kupasuliwa. Chini ya chuchu ile pana kiini ambacho titi zima la baadaye hutokana nacho, na usaha au kisu kikikiharibu, hapana dawa ijulikanayo ya kukirudisha. Wala hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana miaka kumi na zaidi baadaye, binti anapobalehe, titi moja likakua na la pili likasalia bapa, na wakati huo aliyekamua huenda amekwisha kufa, mama amelisahau jipu, na lawama ya husuda ikamwangukia jirani asiyehusika. Hii ndiyo siri ya maisha marefu ya itikadi hii: faida yake ya uongo huonekana papo hapo, na hasara yake ya kweli huchelewa mpaka mashahidi watawanyike.

Hoja hiyo hiyo humfuata msichana akuapo. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda wako wasichana waliofundishana kumshika mdudu wa majini, yule mweusi azungukaye juu ya maji ya kijito, na kumweka kwenye chuchu aume, ili titi liote upesi. Titi huota, naam, lakini mdudu hutafutwa na msichana wa umri ambao titi lingeota hata kama mito yote ingekauka, na uvimbe wa kuumwa haukuwa ukuaji hata siku moja. Maumbile yamefanya kazi, sifa amepewa mdudu.

Wala wasijidhani waliosoma kwamba wamesalimika. Titi la binti huanza kwa kidonge kigumu chini ya chuchu, chenye kuuma kikiguswa, aghalabu baina ya umri wa miaka 8 na 13, na si ajabu kikatokea upande mmoja miezi kadhaa kabla ya upande wa pili. Mzazi akikigusa huwaza saratani, hukimbilia kisu, na akimpata mpasuaji asiye na subira, kidonge huondolewa. Na kumbe kilichoondolewa ndicho titi lenyewe. Kosa la bibi, likivaa koti jeupe, halibadiliki likawa elimu.

Nimewasikia watu wakijibu kwamba wazee wetu walikamua na vizazi vikakua salama. Jawabu langu ni kwamba wanaosema hivyo ni wale waliosalimika. Aliyeharibikiwa hasimami barazani akatoa ushahidi wa kifua chake. Yeye huvaa nguo pana, hukwepa kuoga na wenziwe, na pengine huikataa posa, kwa kuwa hofu ya kuchekwa imemzidi nguvu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tumemfunza binti kuficha kwanza na kuuliza baadaye.

Nisifahamike vibaya nikadhaniwa nasema kwamba kila titi ni la kuachwa. Ziko hitilafu za kweli, nazo zina elimu yake. Mwaka 1841 Alfred Poland, mwanafunzi wa hospitali ya Guy's mjini London, aliandika habari za maiti ambayo misuli ya kifua ya upande mmoja ilikuwa imepungua na mkono wa upande huo una hitilafu. Na leo yafahamika kwamba mwanamke mwenye hali hiyo huweza kuwa na titi dogo, au asiwe nalo kabisa, upande huo. Wako wenye chuchu ya tatu, ambayo wengi huidhania baka, nayo hufuata mstari utokao kwapani hadi kinenani, ambao hujichora juu ya mwili wa kijusi mapema katika mimba. Wako wanawake ambao kwapa huwavimba wakiwa wajawazito au wanyonyeshapo, kwa kuwa sehemu ya titi imebaki kule. Na wako wavulana waotao matiti katika kubalehe, ambao huzomewa uwanjani kana kwamba uanaume wao umepungua, na hali wengi wao hurejea kama kawaida kabla ya kupita miaka miwili.

Basi tabibu mwenye kuijua kazi yake hufanyaje? Huanza kwa ulimi na macho. Humuuliza binti, mbele ya mama yake au muuguzi wa kike, umri wake, kama ameshavunja ungo, dawa anazotumia, na kama kifua chake kiliwahi kuungua kwa uji au chai ya moto utotoni, maana kovu la moto huweza kulibana titi lisikue. Kisha humketisha wima, mikono chini, halafu juu, halafu kiunoni, akalinganisha pande mbili, akatazama mbavu, misuli, uti wa mgongo na viganja, na mwisho akapapasa kwa bapa la vidole, pasipo kuminya. Likiwapo donge lisiloeleweka, kwa msichana hutumika altrasaundi, si eksirei ya matiti. Mvulana huulizwa dawa, kwani ziko ziwezazo kukuza titi, mfano wake efavirenzi, iliyotumiwa sana kwa virusi vya ukimwi, na hukaguliwa korodani pia. Mara nyingi hukumu ya uchunguzi wote huo ni moja: rudi baada ya miezi kadhaa, tutazame tena. Kungoja huko, chini ya jicho la mjuzi, ni matibabu kamili.

Nawaomba basi wakunga, makungwi na akina bibi, ambao neno lao lina uzito kuliko la waganga wote: kichanga akivimba matiti mwosheni, mvisheni, na msiyaguse, lakini akipata homa, au titi likawa jekundu na moto au likatoa usaha, apelekwe hospitali siku ile ile. Binti aliyeota titi kabla ya miaka 8, au aliyefika 13 bila ya dalili yoyote, apelekwe kwa tabibu. Nanyi wazazi, mpasuaji akitaka kukiondoa kidonge cha mtoto kabla hajamhoji na kumpima, mchukueni mtoto wenu mwondoke.