Tazama Kwanza, Kisha Ung'oe

Juma hili twaingia pamoja bustanini. Mvua zikianza, kila mbegu iliyolala udongoni yaamka, iliyopandwa na isiyopandwa. Saa hiyo mtu wa bidii aweza kuleta hasara kuliko mvivu.

Sikilizeni mfano. Mke mmoja kijana, aliyeingia juzi nyumbani kwa mumewe, alitaka kumpendeza mama mkwe. Akaamka alfajiri, akapalilia bustani yote, hata udongo kati ya kabichi ukawa mtupu. Mama mkwe alipotoka, akasimama kimya. Kisha akasema kwa upole: «Asante kwa kazi, mwanangu. Lakini mboga yetu ya jioni umeitupa jalalani.» Kumbe, lengalenga na mnavu vilikuwa vimelala juani, vikinyauka. Na karibu na ua ulibaki mche mmoja wenye majani mapana, aliouacha kwa kuwa ulimpendeza macho. «Na huu ulioacha,» mama akaongeza, «ndio wenye sumu.»

Je, gugu ni nini? Ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Muhindi ulioota katikati ya vitunguu ni gugu. Lengalenga iliyoota yenyewe ni chakula. Basi haitoshi kuuliza: «Nani aliupanda?» Yafaa kuuliza: «Ni mmea gani, nao wafanya nini hapa?»

Lengalenga twaijua sote. Iko aina moja yenye miiba miwili miwili pale jani linaposhikana na shina. Majani yake machanga huliwa pia, ila humchoma mchumaji. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano, na matunda madogo katika vishada. Majani yake huchemshwa vizuri. Matunda mabichi yasiliwe, maana yana sumu.

Mnanaha ni jamaa ya mnavu, na ukiwa mchanga waweza kumdanganya mtu. Majani yake ni makubwa, yenye kingo zilizochongoka, nayo yakisagwa vidoleni hutoa harufu mbaya. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake limejaa miiba. Mmea wote ni sumu, na zaidi mbegu, wala moto wa chungu hauiondoi. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, mbegu zake zilichanganyika na soya iliyotiwa katika unga wa msaada: watu wapatao 300 waliugua, na watano walikufa. Mtu aliyekula mnanaha hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio, naye husema maneno yasiyo na maana. Msimdhanie kuwa amerogwa. Mpelekeni hospitali upesi, pamoja na kipande cha mmea alioula.

Wako na wezi wasioua watu, lakini huua mavuno. Kiduha, chenye maua mazuri mekundu au ya zambarau, hushikamanisha mizizi yake na mizizi ya mahindi na mtama, kikanyonya tangu chini ya udongo, kabla hata hatujakiona. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa hai udongoni miaka kumi na zaidi. King'oe kabla hakijazaa. Kilichokwisha kuchanua kichome moto, usikitupe katika shimo la mbolea. Msimu mwingine panda soya au karanga mahali pale: kiduha hakipati chakula kwao. Ndago nayo, ukiikata kwa jembe juu tu, huchipuka tena kutoka vinundu vilivyo chini. Chimba, okota vinundu, uvianike juani mpaka vikauke kabisa.

Lakini yako majani yasiyotambulikana katika uchanga. Ulezi wa mwitu hufanana mno na ulezi wetu, kama vile yale magugu ya mfano wa Injili yalivyofanana na ngano mpaka masuke yalipotokea. Dawa yake ni rahisi: panda kwa mistari iliyonyoka. Kilichoota katikati ya mistari, kishuku. Kilichoota ndani ya mstari, kilinganishe na jirani zake.

Na mche usioujua kabisa? Uache mmoja ukue mahali pembeni, ukiuweka alama kwa kijiti, uone ua lake na tunda lake. Usiuonje. Muulize bibi au shangazi, maana elimu hii wanayo wazee wetu, na kila mzee anayekufa bila kuulizwa huondoka nayo. Enyi wanafunzi, likizo ikifika mfuateni nyanya bustanini, mwandike katika daftari jina la kila jani, alama zake na kazi yake.

Yule mke kijana hakuona haya kujifunza. Siku hizi mama mkwe hukaa kivulini, naye mkwe ndiye apaliliaye, watoto wa jirani wakimfuata nyuma. Huwaonyesha jani mkononi na kuwauliza: «Hili je, la chungu au la jalala?» Wakikosea, huwarudisha watazame tena.