Kazi Isiyodaiwa Hailipwi

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imekaririwa mno shuleni na mikutanoni, hata imekuwa kama wimbo ambao mtu huuimba huku mawazo yake yako kwingine. Leo twataka kuitoa mdomoni na kuiweka mezani, mbele ya mkandarasi, mbele ya karani wa hesabu, na zaidi ya wote mbele ya mfanyakazi, ambaye jasho lake ndilo mali inayosemwa.

Ni nani miongoni mwetu asiyeijua Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi? Mafundi wamekaa kivulini wakingoja ujira wao, saruji imewakaukia viganjani. Msimamizi anatoka ofisini mikono mitupu na kusema, "Ndugu zangu, tuvumiliane. Mteja hajalipa." Watu huguna, hutikisa vichwa, kisha huenda zao wakimlaani mteja. Jioni hiyo mwenye duka hataki laana, ataka shilingi zake. Na mwenye nyumba vivyo hivyo. Lakini katika kundi lote lile hapana hata mmoja aliyeuliza swali moja dogo: Je, huyo mteja amedaiwa?

Swali hilo si la utani. Kazi kufanyika ni jambo moja, kazi kudaiwa ni jambo la pili, na kazi kulipwa ni jambo la tatu. Katika ujenzi wa barabara, wa shule, wa visima na wa zahanati, mteja halipi kwa kuona ukuta umesimama. Sharti kazi ipimwe, mhandisi aidhinishe vipimo, hati ya madai iandikwe na kupelekwa, ndipo siku za kulipa zianze kuhesabiwa. Mikataba mingi ya ujenzi katika nchi yetu huweka siku 28 tangu hati iidhinishwe; mikataba mikubwa inayofuata kanuni za kimataifa za mwaka 1999 huweka siku 56 tangu mhandisi apokee maelezo ya madai. Hati isiyopelekwa haina siku. Hata ikikaa kwenye mtoto wa meza mwaka mzima, mteja hana kosa.

Tuchukue mfano ili jambo hili lieleweke kwa kila mtu. Kampuni imepata kandarasi ya kujenga shule kwa shilingi 200,000,000. Baada ya miezi kadhaa, kazi iliyokwisha kufanyika ina thamani ya shilingi 120,000,000. Hati za madai zilizopelekwa ni za shilingi 80,000,000. Fedha zilizoingia benki ni shilingi 50,000,000. Kwa upande wa matumizi, saruji, nondo, mafuta ya gari na ujira vimekwisha kula shilingi 95,000,000. Nyingine zimelipwa kwa mkopo wa benki, nyingine bado zadaiwa na wenye maduka na mafundi.

Mkurugenzi akitazama ukurasa mmoja tu, ule wa mapato na matumizi, atafurahi. Kazi ya milioni 120 kwa gharama ya milioni 95 ni faida ya milioni 25! Huenda akaagiza gari jipya. Lakini faida hiyo ni ya karatasi. Katika sanduku la fedha kuna pengo la milioni 45, yaani milioni 95 zilizotumika dhidi ya milioni 50 zilizopokelewa. Mfanyakazi halipwi kwa faida ya karatasi. Hulipwa kwa fedha iliyomo sandukuni.

Sasa zile milioni 70 zilizo kati ya kazi iliyofanyika na fedha iliyopokelewa ziko wapi? Hapa ndipo ripoti ya hesabu yenye safu kamili inapokuwa na thamani kuliko hotuba kumi. Milioni 40 hazijadaiwa kabisa: kazi imefanyika, lakini hakuna hati iliyopelekwa. Milioni 8 ni ile asilimia 10 ambayo mteja huizuia kihalali, kwa mujibu wa mkataba, kuwa dhamana mpaka kasoro zirekebishwe. Zinazobaki, milioni 22, ndizo mteja alizodaiwa naye hajalipa. Tazameni basi! Yule mteja aliyelaaniwa Jumamosi ana hatia ya milioni 22. Ofisi yetu wenyewe ina hatia ya milioni 40.

Ndiyo maana twasema kwamba ripoti ya madai na malipo si pambo la kumpelekea mkaguzi mwisho wa mwaka. Ripoti hiyo humwonyesha mtu mlango wa kubisha hodi. Fedha ikiwa imekwama katika kazi isiyodaiwa, bisha kwa mpimaji wako na karani wako. Ikiwa imekwama katika hati zilizopelekwa, bisha kwa mteja. Ikiwa ni dhamana, usibishe kwa mtu. Rekebisha mlango unaogoma na paa linalovuja, upesi, ili tarehe ifikapo asiwe na sababu ya kukunyima. Asiye na ripoti hubisha kila mlango kwa kelele, na mwisho hafunguliwi hata mmoja.

Tena deni lina umri kama mtu. Milioni 22 ambazo zote ni za wiki tatu si ugonjwa. Ni safari ya kawaida ya fedha. Lakini milioni 22 ambazo 20 kati yake zimevuka siku 90 ni homa ya kutisha. Kwa hiyo ripoti njema huyapanga madeni kwa umri wake: yasiyotimiza siku 30, yaliyofika 60, yaliyofika 90, na yaliyozidi hapo. Deni changa hukumbushwa kwa barua ya heshima. Deni la siku 60 hufuatwa na mtu kwa miguu yake, akiwa na nakala ya hati mkononi. Deni lililozidi siku 90 sharti lijadiliwe na wakubwa wa pande zote mbili, kwa masharti ya mkataba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Liko na kosa jingine ambalo hutia watu aibu. Mteja hulipa, fedha huingia benki, lakini karani haandiki ni za hati ipi. Mwisho wa mwezi ripoti humwonyesha mteja yule kuwa mdaiwa sugu, naye huandikiwa barua kali ilhali stakabadhi anayo mfukoni. Serikali ilipoanza mwaka 2017 kukusanya malipo yake kwa mfumo wa elektroniki wenye namba maalumu kwa kila ankara, ilitufundisha sote somo jepesi: kila shilingi iingie na jina lake. Kampuni binafsi na vyama vya ushirika vyaweza kufanya vivyo hivyo, hata kwa daftari la mistari na kalamu ya wino.

Kuna watakaotujibu kwamba wamekwisha kununua kompyuta na programu za hesabu, basi hawana haja ya mawaidha yetu. Tunafurahi kusikia. Lakini mashine haijui kwamba msingi wa darasa la tatu umekwisha, mpaka mtu aende, apime, arudi, aandike. Programu hupanga kile ilichopewa. Ikipewa uvivu, itatoa uvivu uliopangwa vizuri kwa rangi na michoro.

Wapo pia wanaochelewesha hati kwa makusudi, nao wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Kwa kawaida kodi ya ongezeko la thamani huanza kudaiwa pale hati ya madai inapotolewa, ijapokuwa mteja hajalipa. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Na kwa hati za milioni 80, kabla ya kodi, ni shilingi 14,400,000, ambazo hupaswa kulipwa kila mwezi unaofuata, kufikia tarehe 20, kwa sehemu ya hati zilizotolewa. Mkandarasi mdogo huogopa kuitoa mfukoni mwake kodi ya fedha asiyoipata bado. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini kuficha hati si dawa, kwa maana hati isiyotolewa haileti kodi wala haileti fedha. Dawa ni kujua mapema, kwa ripoti, ni lini kodi itadaiwa na ni lini mteja atalipa, na kujadiliana na mteja na benki kabla maji hayajafika shingoni.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya kampuni ndogo za kwetu peke yake. Huko Uingereza kulikuwa na kampuni kubwa ya ujenzi na huduma iitwayo Carillion, yenye wafanyakazi wapatao 43,000 duniani. Ilikuwa ikijenga hospitali na kuhudumia shule, magereza na majeshi. Katika vitabu vyake mikataba ilionekana kunona. Mwezi Juni 2017 ikawalipa wenye hisa gawio la pauni milioni 55. Mwezi mmoja baadaye, Julai 2017, ikakiri kwamba thamani ya mikataba yake ilikuwa imetiwa chumvi, ikaipunguza kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ikafilisika, ikiwa na pauni milioni 29 tu za fedha taslimu, na madeni yaliyokaribia pauni bilioni 7. Makandarasi wadogo, ambao iliwawekea masharti ya kungoja malipo hadi siku 120, waliachwa vilioni. Na hospitali mbili kubwa, ya Liverpool na ya karibu na Birmingham, zikasimama nusu nusu. Kampuni ile haikukosa wasomi wala kompyuta. Ilikosa kuutazama ukweli ulio kati ya kazi inayodhaniwa kuwa fedha na fedha yenyewe.

Sasa twageukia upande wa pili, nao watuhusu zaidi. Mara nyingi katika nchi yetu mteja tunayemsema ni sisi wenyewe. Barabara ni zetu, shule ni zetu, zahanati ni zetu. Na fedha hutoka katika halmashauri na idara za umma. Wanachama wengi wanaosoma ukurasa huu wanakaa katika kamati za maendeleo, na wengine ni madiwani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kwa sheria hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka mwishoni mwa Machi, zimetaja mara kwa mara riba inayotozwa kwa sababu ya kuchelewa kuwalipa makandarasi. Riba hiyo haijengi hata tofali moja. Ni fedha ya dawa na madawati iliyolipwa kwa ajili ya uzembe.

Kwa hiyo diwani anayeuliza katika kikao, "Barabara imefika wapi?" ameuliza nusu tu. Aulize na nusu ya pili: kazi iliyopimwa ni ya shilingi ngapi, hati zilizoletwa ni ngapi, zilizolipwa ni ngapi, na iliyo nzee kuliko zote imekaa siku ngapi mezani, tena mezani kwa nani? Hapo ndipo hati iliyolala itakapoamka. Na hapo pia ndipo atakapobainika mkandarasi anayedai kazi asiyoifanya, kwa kuwa safu ile ile inayomlinda mwaminifu ndiyo inayomfichua mwizi.

Kuhusu wafanyakazi, neno letu ni fupi. Kijiji chetu, kwa utaratibu uliowekwa, hupaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu mbele ya mkutano wa wananchi wote, wakiwamo wasiojua kusoma. Kama mkulima ana haki ya kusikia hesabu za kijiji chake, yampasaje fundi asisikie habari za kazi ya mikono yake? Hatusemi kila mtu apewe funguo za sanduku. Twasema matawi ya vyama vya wafanyakazi yaombe, kwa adabu na bila kuchoka, karatasi moja kila mwezi kwa kila mradi, yenye safu nne: kazi iliyofanyika, kazi iliyodaiwa, fedha iliyopokelewa, na umri wa deni linalobaki. Mwajiri mwema hatapoteza kitu kwa kuitoa, na atapata kitu: watu watakaomwamini siku atakaposema kweli kwamba mteja hajalipa.

Na fundi naye ana wajibu. Msimamizi anapomwomba aandike saa alizofanya, mifuko aliyotumia na mita alizojenga, asione kwamba anasumbuliwa. Ile karatasi yenye vumbi anayoijaza jioni ndiyo mama wa hati ya madai. Ikipotea pale, hakuna mhasibu duniani atakayeifufua.

Katika Injili ya Luka mna habari ya wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Akaanza kuwaita wadeni mmoja mmoja na kuwabadilishia hati zao, aliyekuwa na deni la mafuta mia akaandika hamsini. Tulipokuwa watoto darasani tulishangazwa na ujanja wa wakili. Leo, baada ya kuona mengi, twashangazwa zaidi na bwana wake, ambaye alingoja mpaka ahadithiwe na watu ndipo akumbuke kuuliza kuhusu mali yake.

Tusiwe kama bwana yule. Jumamosi ijayo, msimamizi akitoka mikono mitupu na kusema kwamba mteja hajalipa, asitokee wa kuguna wala wa kulaani. Asimame mmoja, avue kofia, aulize kwa sauti ya upole lakini inayosikika: "Mzee, hati ilipelekwa tarehe gani?"