Shikamoo Jazz wasisahaulike

Huku Nyalikungu ukitaja muziki wa dansi watu hukimbilia bendi za Msondo na Sikinde. Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe waliokusanyika mwaka 1993 kila mmoja akitoka bendi yake ya zamani, hawatajwi kabisa, na hilo linaniuma. Sikilizeni albamu yao ya Chela Chela, walivyozipiga upya nyimbo za ujana wao. Humo Salum Zahoro, mtu wa bendi ya Kiko Kids ya Tabora, hana papara na gitaa lake. Kila nota anaipa nafasi. Sauti zimezeeka kidogo, ndiyo, na kwangu hapo ndipo utamu ulipo, maana wanaimba mapenzi ya ujanani kwa koo za watu wazima. Vijana wenye bendi leo waanzie hapo, kisha watafute rekodi za awali za nyimbo hizo walinganishe.