Kahawa ya Minova: watu wa Twin walikuwa nani, na waliacha nini?

Wakaaji wa Minova, Kalungu na vijiji vingine vya kando ya ziwa katika teritware ya Kalehe wanakumbuka namna kahawa ilikuwa inasafiri zamani. Ilikuwa inaondoka usiku, ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, kuelekea upande wa Rwanda. Kule ng'ambo mkulima alipata sabuni, chumvi, sukari, na feza kidogo. Kama alijaribu kuuza kwa njia halali huku Kivu ya Kusini, alikutana na wanunuzi wachache wenye kujipangia bei na ofisi nyingi zenye kuomba taksi. Basi watu walichagua ziwa. Wengi hawakurudi. Vijiji vile viko na wajane ambao bwana zao walikufa maji pamoja na magunia yao.

Kahawa ile ya magendo ndiyo ilifanya jina la shirika dogo la London lijulikane hapa: Twin. Watu wengi walifikiri ni ONG kama zile zingine, zenye kuja na gari nyeupe na kugawa majembe. Haikuwa hivyo kabisa.

Twin ilizaliwa mwaka wa 1985, kwa msaada wa baraza lililokuwa linaongoza mji wa London. Kati ya watu walioianzisha kulikuwa wachumi wawili, Michael Barratt Brown na Robin Murray. Murray ndiye alikuwa mshauri mkubwa wa uchumi wa baraza lile. Wazo lao lilikuwa rahisi kusema na gumu kufanya: nchi maskini hazikosi mali, zinakosa mlango wa soko. Mwaka mmoja baadaye, serikali ya Uingereza ilivunja baraza lile. Twin ikabaki bila mzazi, na ikalazimika kujitafutia chakula.

Kisha Julai 1989 ule mkataba wa dunia uliokuwa unapangia kila nchi kiasi cha kahawa cha kuuza ukavunjika. Bei ilianguka vibaya. Mzee yeyote wa Kivu aliyekuwa na shamba wakati ule anaweza kuhadisia: watu waling'oa kahawa na kupanda mihogo ao maharagi. Twin, wakati ule ule, ilikuwa inatafuta namna ya kuuza kahawa ya wakulima wadogo bila kupitia wafanyabiashara wa katikati. Mwaka wa 1991 ilijiunga na Oxfam, Traidcraft na Equal Exchange, wakaanzisha kampuni ya Cafédirect. Mwaka wa 1998 ikasaidia kuzaa kampuni ya chokoleti, inayoitwa leo Divine, ambamo wakulima wa kakao wa koperative Kuapa Kokoo ya Ghana walipata hisa. Si kuuza kakao tu. Walikuwa na sehemu yao ndani ya kampuni yenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo lazima lifahamike vizuri, juu ya kile kilichokuja kutokea. Twin ilikuwa na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni shirika la hisani, lenye kupokea misaada na kufundisha wakulima. Mfuko wa pili ni kampuni, Twin Trading, yenye kununua na kuuza kahawa. Faida ya kampuni ilikuwa inaingia katika shirika. Ni kusema, watu wale hawakukaa tu kungoja wafadhili. Walikuwa wafanyabiashara, na walikubali kupoteza kama wafanyabiashara.

Karibu mwaka wa 2008 wakakutana na Sopacdi. Koperative hii haikuundwa na wazungu. Bwana Joachim Munganga ndiye aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati bunduki zilikuwa bado zinalia. Alikusanya wakulima wa lugha na makabila yasiyoaminiana, wale waliokuwa wamekimbiana wakati wa vita, na akawaambia wapeleke kahawa yao mahali pamoja. Mtu akitaka kuelewa nani alikuwa nyuma ya kazi hii, aanze na yeye kabla ya kufika London.

Twin ilileta nini basi? Wataalamu wa kuonja kahawa, mafunzo ya kuchuma matunda mekundu peke yake, msaada wa kujenga viwanda vya kuoshea, na mnunuzi mwenye kujulikana. Mwaka wa 2011 Sopacdi ikawa koperative ya kwanza ya kahawa katika Kongo kupata cheti cha Fairtrade. Cheti kile kinamaanisha bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na juu yake senti 20 za dola kwa kila paundi, ni kusema karibu nusu kilo, ambazo wanamemba wanakaa wote na kuamua zifanye kazi gani. Wanamemba walitoka mamia hadi maelfu.

Lakini mkulima wa Kalehe akiulizwa, mara nyingi hataji cheti. Anataja siku ya malipo. Mchuuzi wa magendo analipa usiku ule ule. Koperative inauza kontena, na kontena inachukua miezi kufika Ulaya. Mama mwenye mtoto aliyefukuzwa shule juu ya minerval hawezi kungoja miezi. Kwa hiyo lazima mtu fulani akopeshe koperative mapema, ili ilipe wakati kahawa inapimwa kwenye kilo. Bila mkopo ule, cheti ni karatasi nzuri ukutani, na mtumbwi unashinda.

Mwisho wa mwaka wa 2019, Twin iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, na kazi yake ikaisha, nyuma ya miaka zaidi ya 30. Ule mpango wa mifuko miwili, uliokuwa nguvu yake, ulikuwa pia hatari yake: kampuni ikianguka, shirika nalo linaanguka. Traidcraft, mwenzake wa zamani, ilifuata Januari 2023. Ni vigumu kusema kwamba watu wale walikuwa wabaya ao wavivu. Walichagua kuishi kwa soko, na soko la kahawa halina huruma kwa wadogo, hata wenye nia nzuri.

Viwanda vya kuoshea havikupelekwa London. Maarifa nayo hayakuondoka. Vijana waliofundishwa kuonja kahawa bado wako na ulimi wao, na leo wanunuzi wa nje wanajua jina la Kivu. Mikopo kwa koperative inaweza pia kutoka kwa wengine, kama Root Capital ya Marekani ao Alterfin ya Ubelgiji, wenye kazi hiyo. Lakini mkopeshaji anahitaji benki ya kupitishia feza. Januari 2025 Minova iliingia mikononi mwa AFC/M23, kisha Goma, na benki za Goma zikafunga milango. Bukavu ikafuata Februari. Katika mwezi ule ule wa Februari, bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa paundi, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana.

Wakati ule kahawa ilikuwa ya bei juu, benki ilikuwa imefungwa, na ziwa lilikuwa linalala palepale. Mchuuzi wa ng'ambo hahitaji benki. Anakuja na noti mkononi. Msimu mkubwa wa kahawa kando ya ziwa unaanza karibu na Machi, na swali ambalo wanamemba wanapashwa kuuliza viongozi wa koperative zao kabla ya mzigo wa kwanza kupimwa ni hili: feza za kulipa siku ya kilo ziko wapi, na zitapita njia gani kufika?