Methodi Yako Isiamue Data Inaenda Wapi

Wasee wa Java, leo acha niwaudhi kidogo. Ukiandika methodi ya kutoa data, halafu hiyo methodi yenyewe ndo inafungua faili, unajitafutia shida. Najua kwa sababu niliitafuta nikaipata, na mtu mwingine ndo karibu alipe.

Mwaka jana niliandikia duka moja la mtaani programu ya risiti. Methodi yangu ilijifungulia FileOutputStream humo ndani na kuandika risiti kwa faili. Mwenye duka akataka risiti zionekane kwa skrini pia. Mimi huyo, nikakopi methodi nzima, nikabadilisha pa kuandika tu, ikawa System.out. Baadaye wakaanza kupatia wateja punguzo. Nikarekebisha hesabu kwa methodi ya skrini. Ile ya faili nikaisahau.

Jioni moja, faili ikadai droo inafaa kuwa na shilingi 350 zaidi. Dada wa kaunta akaulizwa pesa imeenda wapi. Na hakuwa ameguza hata ndururu! Mwenye makosa alikuwa mimi na kukopi kwangu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

void andikaRisiti(Mauzo mauzo, OutputStream mkondo) throws IOException

Methodi inajua kupanga risiti, basi. Risiti inaenda wapi? Hiyo ni kazi ya anayeiita. Akitaka faili, anaipa FileOutputStream. Akitaka skrini, anaipa System.out. Unataka kujaribu kama punguzo linahesabiwa sawa? Ipe ByteArrayOutputStream, risiti ibaki kwa memori, uilinganishe na ile uliyotarajia. Zote ni watoto wa OutputStream, kwa hivyo methodi haijali. Na hesabu inakaa mahali pamoja tu.

Lakini hata hapo nilichoma tena. Niliweka close() ndani ya methodi. Risiti ya kwanza ikatokea kwa skrini, ya pili kimya. Hakuna kosa lililoonyeshwa, kwa sababu System.out ni PrintStream, na println yake hairushi IOException. Ukishaifunga, unaongea na simu iliyokatika.

Kwa hivyo shika hii: aliyefungua mkondo ndiye aufunge. Anayeita methodi afungue faili yake kwa try-with-resources, tuko nayo tangu Java 7 mwaka wa 2011. Methodi ikimaliza kuandika, iite flush() na irudi.

Najua kuna mtu atasema, "Zii, hiyo ni kujisumbua kwa programu ndogo." Sawa, kama ni zoezi la darasani, endelea. Lakini programu ikishaanza kuhesabu pesa ya watu, haina udogo tena.

Yule dada nilimwomba msamaha mbele ya mdosi wake. Aliniuliza tu, "Sasa hiyo kompyuta yako imeacha uongo?"

Hebu fungua programu yako leo. Ni methodi ngapi zinajifungulia faili?