Mwanagenzi Akikosea, Fundi Yuko Wapi?

Mwaka 2018 haukuwa mwaka mwema kwa madaktari wanaosomea ubingwa. Katika mwaka huo mmoja, na katika nchi tatu zilizo mbalimbali, kulikuwa na aliyefukuzwa, aliyesimamishwa, na aliyefutwa jina katika daftari la madaktari. Kila mara watu waligawanyika mafungu mawili, hawa wakisema haki imetendeka, na wale wakilalama kwamba mnyonge ameonewa. Ningependa, ndugu msomaji, tuyatazame mambo hayo matatu pamoja, kwani kwa mbali yanafanana, lakini ukiyakaribia utaona kwamba limo moja lisilo la jamaa ya mawili.

Kwanza tuelewane juu ya mtu tunayemzungumzia. Si mwanafunzi wa udaktari, wala hajawa bingwa. Ni daktari kamili, amehitimu na ana leseni, ila amerudi kujifunza fani moja mahsusi, upasuaji wa ubongo mathalan, au maradhi ya watoto. Mchana hufunzwa, usiku aghalabu ndiye mwenye wodi. Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya mkaazi, kwa kuwa hapo zamani alikuwa akilala na kuamka humo humo hospitalini. Kwetu Kenya baadhi yao hujilipia karo ya chuo kikuu, kisha wakaifanya kazi ya hospitali pasi na mshahara. Mimi nitamwita mwanagenzi, kwa maana ile ya kale ya mtu aliye chini ya fundi akijifunza kazi kwa kuifanya, ingawa najua kwamba magazeti ya leo hulitumia neno hilo kwa daktari aliyetoka chuoni juzi na jana.

La Marekani halina maneno mengi. Mwanagenzi mmoja aliajiriwa Cleveland Clinic, katika jimbo la Ohio, mnamo Julai 2018, na kufikia Septemba hakuwa na kazi. Miaka kadhaa nyuma, kabla hajawa daktari, alikuwa ameandika hadharani maneno ya chuki juu ya Mayahudi, na mojawapo lilikuwa kwamba angewapa dawa zisizo zao makusudi. Baadaye aliomba radhi. Huenda radhi yake ilitoka moyoni, lakini mgonjwa anayenyoosha mkono apigwe sindano hana budi kuwa na yakini juu ya mkono unaoishika sindano hiyo. Huo ni utovu wa adabu, ni wake peke yake, wala hakuna fundi wa kushirikiana naye dhambi.

Sasa natukae hapa nyumbani. Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walikuwako wanaume wawili wenye maradhi ya kichwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni, akihitaji kupasuliwa. Mwenziwe alikuwa na uvimbe tu usiohitaji kisu. Vibandiko vya majina vikabadilishana. Yule asiyehitaji kisu ndiye aliyepelekwa chumba cha upasuaji, akafunguliwa kichwa, na saa kadhaa zikapita kabla waliokuwa wakimpasua hawajatambua kwamba damu wanayoitafuta haimo.

Habari ilipotoka mwanzoni mwa Machi, nchi nzima ilishika tama. Hospitali ilimwondolea mwanagenzi aliyepasua ruhusa ya kulaza wagonjwa na kumpa barua ya kujieleza. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi. Sicily Kariuki, akamtuma mkuu wa hospitali, Bi. Lily Koros, likizo ya lazima, na wakasimamishwa watu wanne: mwanagenzi huyo, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa mlangoni pa upasuaji, na mtoaji dawa ya usingizi. Wanagenzi wenziwe waligoma.

Mimi sikuwaunga mkono wote waliosema kwamba kosa ni la kibandiko. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo ya kuulizwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, na la mwanzo kabisa katika orodha hiyo ni kuhakikisha huyu aliyelala hapa ni nani. Mwenye kisu hawezi kusema hilo halimhusu. Lakini hebu tuihesabu mikono aliyopita mgonjwa yule, kutoka kitandani hadi chini ya taa: minne, na yote haikuuliza. Mikono minne ikinyamaza usiku mmoja, hiyo imekuwa desturi ya nyumba. Na katika wale wanne waliosimamishwa hamkuwa na mwalimu wa mwanagenzi.

Neno hili la mwalimu ndilo lililonifanya nifuatilie kisa cha tatu, cha Uingereza. Tarehe 18 Februari 2011, siku ya Ijumaa, mtoto wa miaka sita, Jack Adcock, mwenye maradhi ya moyo, aliletwa hospitali ya Leicester Royal Infirmary akitapika na kuharisha. Alipokewa na Dkt. Hadiza Bawa-Garba, mzaliwa wa Nigeria, mwanagenzi wa maradhi ya watoto, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ndefu ya uzazi. Mtambo wa kompyuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo majibu ya damu yalichelewa kwa saa nyingi. Bingwa aliyekuwa zamu hakuwako hospitalini hadi alasiri. Alikuwa mji mwingine akifundisha.

Jack alikuwa na sumu ya maradhi iliyomwenea damuni, na mwanagenzi hakuitambua mapema. Picha ya kifua ilikuwa tayari, naye akakawia kuitazama. Usiku ule mtoto akafariki. Mwaka 2015 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila ya kukusudia kwa uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Jopo la kuwahukumu madaktari likamsimamisha miezi kumi na miwili, walakini Baraza Kuu la Madaktari halikuridhika. Likaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Januari 2018 jina lake likafutwa. Madaktari wenziwe wakachanga zaidi ya pauni 300,000 kwa ajili ya kesi yake, na Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikamrudishia daraja yake ya kusimamishwa tu.

Katika habari zote hizo kuna jambo dogo ambalo sikuweza kulisahau. Alasiri ile bingwa alipofika, mwanagenzi alimsomea majibu ya damu ya Jack, na yalikuwa majibu ya kutisha. Bingwa akayaandika katika daftari lake. Hakwenda kumwona mtoto, kwa kuwa hakuombwa. Naye mwanagenzi hakuomba.

Nilipokuwa chuoni, miaka mingi iliyopita, nilikuwa khalifa wa mwalimu. Yeye akitoka, ndimi niliyewasomesha wadogo. Siku moja mtoto aliniuliza mahali nisipopajua, nami, kwa kuona haya mbele ya wadogo zangu, nikamsomea nilivyodhani. Mwalimu aliporejea na kumsikia mtoto akisoma kombo, hakumpiga mtoto, wala hakunipiga mimi. Alinikalisha karibu naye, akaniuliza kwa nini sikumngoja. Sikuwa na jibu, isipokuwa kwamba tangu niingie chuo kile sikuwahi kumwona khalifa aliyekiri kwamba hajui, akasifiwa.

Chuoni aya huweza kusomwa tena. Hospitalini hakuna kurejea. Ndiyo maana wanazuoni wa fikihi, karne nyingi kabla ya mabaraza haya, walipambanua: mwenye kutibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara, mjuzi aliyefuata kanuni za kazi yake kwa ruhusa ya mgonjwa, asivuke mipaka, habebi. Mwanagenzi yuko baina ya hawa wawili, na ruhusa aliyo nayo amepewa na fundi. Basi kila baraza linapoketi kumhukumu mwanagenzi aliyekosea kuamua, swali langu la kwanza ni nani aliyekuwa juu yake saa ile, alikuwa wapi, na je, aliyemwamsha fundi usiku katika nyumba hiyo hushukuriwa au hukemewa? Aliyeghushi, aliyelewa kazini, aliyemtukana au kumchukia mgonjwa, na aende zake.

Mwaka 2019 jopo lilimruhusu Dkt. Bawa-Garba arudi kazini kwa masharti, chini ya usimamizi. Mamake Jack alikuwa amepinga tangu mwanzo asirudi kamwe. Mimi naona jopo lilifanya sawa, lakini sijui ningemtazama vipi mama huyo usoni nikamwambia hivyo.